Boda ya CG125 inayokula plagi: je, iridiamu ndiyo dawa?

Pikipiki ni ya Kichina, injini yake 156FMI, ile familia ya Honda CG125 ambayo kila gereji ya Tanzania inaifahamu: silinda moja, kipenyo cha pistoni mm 56.5, mwendo wake mm 49.5, kabureta ya PZ27 na moto wa CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche. Inafanya boda kati ya Mbagala na Chamazi, kama kilomita 110 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kisa chenyewe tumekijenga kutokana na matatizo yanayojirudia kwenye mashine za aina hii, na bei tulizoweka ni za mfano. Weka za dukani kwako, hesabu itafuata mkondo uleule.

Dalili ni hizi. Ndani ya wiki sita imebadilishwa plagi tatu. Asubuhi inataka kiki nne mpaka sita ndipo iwake. Ikiwa slo (bila kuvutwa mafuta) inanguruma vizuri tu, lakini ikipandisha mwinuko na abiria inamisi, yaani haiwaki kila mara, na dereva akivuta mafuta mpaka mwisho inakohoa halafu inakata nguvu. Zamani lita moja iliipeleka kilomita 42, sasa 31. Kijiweni dereva ameshauriwa aweke plagi ya iridiamu: atasahau habari za plagi, na mafuta yatapungua. Plagi halisi ya nikeli ni shilingi 6,000, ya iridiamu 40,000. Bosi wake anataka jibu kabla ya kutoa hela.

Jibu letu: asitoe 40,000 leo. Pikipiki hii ina ugonjwa, na plagi ya bei kubwa itaugua ugonjwa uleule. Ikishapona, iridiamu itakuwa na faida ndogo ya kweli, ila haitakuwa kwenye mafuta.

Plagi ilivyotoka

Kabla ya kuing'oa, safisha kwanza sehemu inayozunguka plagi. Puliza upepo au tumia brashi laini, kwa sababu mchanga wa Chamazi ukidondokea ndani ya silinda utakwangua ukuta wake. Ing'oe plagi injini ikiwa ya baridi au vuguvugu. Hedi (kifuniko cha silinda) ya alumini ikiwa ya moto sana, nyuzi zake huharibika kirahisi, na kutengeneza nyuzi upya ni gharama inayozidi plagi nyingi.

Plagi ya kisa hiki imetoka nyeusi, kavu, ina masizi laini kama ya kibatari. Ukipitisha kidole, masizi yanabaki kidoleni. Hapo tayari umeshapata nusu ya jibu. Masizi makavu yanasema mchanganyiko una petroli nyingi kuliko hewa. Kama ingetoka nyeusi na yenye utelezi wa oili, tungetazama ringi na sili za valvu. Ingelowa petroli tupu, tungetafuta cheche iliyopotea au floti (boya la kabureta) isiyofunga. Ingekuwa nyeupe kama chaki, tena ina vidoa vinavyong'aa, tungeogopa zaidi ya hapo, maana hiyo ni injini inayochemka kwa kukosa petroli au kwa plagi isiyo ya joto lake. Rangi tunayoitafuta ni ya biskuti, au kahawia iliyopauka.

Tahadhari moja kuhusu rangi. Ukiiacha pikipiki slo kwa dakika kumi ndipo ung'oe plagi, utaona weusi hata kwenye injini nzima. Endesha kilomita tano hivi kwa mwendo wa kazi, kisha, ukiwa mahali salama, bana klachi na uzime injini papo hapo, usiiache ikanguruma. Ng'oa hapohapo barabarani baada ya kupoa. Rangi utakayoiona ndiyo ya kazi yenyewe.

Fila geji (bati za kupimia nafasi) inaonyesha gepu, nafasi ambayo cheche inaruka, la mm 0.95. Kwa NGK D8EA, plagi ya injini hii, tunataka mm 0.6 hadi 0.7. Elektrodi ya katikati, ambayo plagi ikiwa mpya huwa na kingo kali kama kipande cha msumari uliokatwa, imekuwa ya duara kama ncha ya kiberiti. Cheche hupenda kingo kali. Ukingo ukiisha na gepu likipanuka, koili, inayozalisha umeme wa cheche, inalazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyika. Wanailaza plagi juu ya injini, wanapiga kiki, wanaona cheche ya bluu, wanasema moto upo. Cheche hiyo imeruka kwenye hewa huru. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na kadiri unavyovuta mafuta ndivyo inavyobanwa zaidi, na volti inayohitajika inapanda. Mfumo dhaifu unaweza kurusha cheche nje na ukashindwa ndani. Ndiyo maana mashine hii inanguruma vizuri ikiwa slo halafu inamisi kwenye mwinuko. Kipimo kinachosema kweli ni cha gepu kubwa, mm 6 hivi, kilichofungwa vizuri kwenye bodi ya injini. Usipige kiki waya wa plagi ukiwa unaning'inia hewani, CDI inaweza kuungua. Na weka mbali tundu la silinda, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka pale unawaka.

Iridiamu inafanya nini hasa

Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, platinamu 1,768, iridiamu 2,446. Kwa sababu iridiamu ni ngumu na inastahimili joto kiasi hicho, kiwanda kinaweza kuifanya elektrodi ya katikati kuwa nyembamba bila kuisha upesi. Ya kawaida ina unene wa mm 2.5 hivi. Kwenye NGK Iridium IX ni mm 0.6, kwenye Denso Iridium Power mm 0.4, karibu sawa na sindano. Ncha nyembamba inahitaji volti ndogo ili irushe cheche, na haifyonzi sana joto la mwali unapoanza kuwaka. Faida zinazotoka hapo ni mbili: injini inawaka kirahisi ikiwa ya baridi, na inamisi mara chache pale ambapo koili ni dhaifu au mchanganyiko si mzuri sana.

Haiongezi nguvu. Petroli iliyokwisha kuwaka vizuri kwa cheche ya nikeli haiwaki mara ya pili kwa sababu cheche ni ya iridiamu. Wanaosifu kwamba pikipiki "imebadilika" mara nyingi walitoa plagi iliyochakaa wakaweka mpya, na mpya yoyote iliyo halisi ingewapa raha hiyohiyo.

Na maisha marefu? Hapa watu wengi hununua wasichokijua. Kwenye plagi nyingi za iridiamu za kuboreshea, ncha ya katikati peke yake ndiyo iridiamu. Mkono wa pembeni unaopokea cheche ni nikeli uleule, na unalika. Kwa wateja wake wa Japani, NGK huwashauri wenye pikipiki kubadilisha plagi ya kawaida kila kilomita 3,000 hadi 5,000, na Iridium IX wanaiweka kwenye kiwango hichohicho. Zipo iridiamu za maisha marefu, zenye madini ya thamani pande zote mbili, lakini hizo ni bidhaa nyingine na bei nyingine. Soma boksi, neno iridiamu peke yake halikuahidi umri.

Plagi ya pikipiki inakufa mapema kuliko ya gari, na sababu inahesabika. CDI ya injini hii inapata ishara kutoka kwenye sumaku iliyofungwa kwenye krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, kwa hiyo cheche inaruka kila krenki inapozunguka, mara moja kuwasha petroli na mara moja bure wakati moshi unatoka. Kwa mizunguko 4,500 kwa dakika ni cheche 270,000 kwa saa. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 25 kwa saa, kilomita 5,000 zinachukua saa 200, yaani cheche milioni 54, na nusu yake hazikuwa na kazi. Nikeli inastahili heshima kwa kuvumilia hayo.

Ugonjwa ulikokuwa

Turudi kwenye mashine. Kitu cha kwanza kufungua ni boksi la chujio la hewa. Sponji imejaa vumbi lililogandana na oili ya bomba la kupumulia injini, imekuwa kama tope. Hewa haipiti, kabureta inavuta petroli zaidi, plagi inapakwa masizi. Sponji kama haijachanika inaoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, inaachwa ikauke kabisa, kisha inapakwa oili ya injini kidogo na kukamuliwa mpaka isidondoke. Petroli inailainisha na kuikatakata, na ukiirudisha kavu bila oili, vumbi jembamba litapita moja kwa moja kwenye pistoni. Iliyochanika itupwe. Kwa njia za vumbi, ioshe kila kilomita 1,000, na usingoje imise.

La pili ni choki, kizuizi cha hewa kinachosaidia kuwasha injini ya baridi. Kwenye kabureta hii kuna kikono kidogo, na kwenye mashine ya kisa chetu kimelegea: dereva anakishusha, mtikisiko wa barabara unakirudisha nusu. Anaendesha siku nzima choki ikiwa imefungwa nusu bila kujua. Kaza springi yake, au badilisha. Hapohapo hakikisha skrubu ya mchanganyiko imefunguliwa mizunguko 1.5 hadi 2 kutoka mwisho, na floti inafunga: ukizima injini ukaacha koki wazi, petroli isichuruzike kwenye bomba la kumwagia.

La tatu linasahaulika kuliko yote: kepu ya plagi. Ndani yake kuna resista, kwa kawaida ya kiloohmu 5. Fungua kepu kutoka kwenye waya kwa kuizungusha kinyume cha saa, weka mita kwenye ncha zake mbili. Hii imesoma kiloohmu 18, na ukiitikisa namba inaruka. Kepu mpya haizidi sana bei ya plagi. Kabla ya kuifunga, kata mm 5 za mwisho wa waya ili skrubu ya kepu iingie kwenye shaba safi isiyo na kutu ya kijani.

Tapeti (nafasi za valvu) pia zilipimwa injini ikiwa ya baridi, zikawekwa mm 0.08. Zilikuwa hazijaharibika, tunazitaja kwa sababu valvu iliyobana inatoa dalili zinazofanana na za plagi.

Kisha plagi yenyewe. Hizo tatu za wiki sita zilikuwa za bei ya chini mno, na mbili kati yake zilikuwa bandia. Plagi halisi ya NGK ina gasketi iliyokunjwa ambayo haichomoki ukiivuta kwa vidole. Bandia mara nyingi inatoka kama pete. Maandishi kwenye kauri ya halisi ni safi, hayafutiki kwa kidole chenye petroli. Mkono wa pembeni umekaa katikati kabisa ya elektrodi, haukupinda upande. Kwenye iridiamu bandia ni rahisi zaidi kukamata: ncha inayopaswa kuwa nyembamba kama sindano inakuwa nikeli iliyochongwa, au nene ya kawaida iliyopakwa rangi. Ukiona iridiamu inauzwa bei ya nikeli, umeshajua unachouziwa.

Ilifungwa D8EA halisi, gepu mm 0.65. Katika namba hiyo, D ni nyuzi za mm 12 na spana ya 18, 8 ni daraja la joto (plagi inavyopoa upesi au polepole), E ni urefu wa nyuzi mm 19. Usiweke yenye nyuzi fupi za mm 12.7 kwa sababu tu imeingia: cheche itakuwa imejificha ndani ya tundu, na nyuzi za hedi zilizobaki wazi zitajaa masizi, siku ukirudisha ndefu itakwama. Na jihadhari na daraja la joto unapobadilisha kampuni. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi (8 ya NGK inalingana na 24 ya Denso), kwa Bosch na Champion ni kinyume chake.

Kufunga: izungushe kwa vidole mpaka ikae, ikigoma rudi nyuma uanze upya. Halafu spana, nusu mzunguko kwa plagi mpya ili gasketi ibanwe. Kwa iliyokwisha tumika, gasketi imeshalala, inatosha sehemu ya 1/12 ya mzunguko, yaani kutoka saa kumi na mbili hadi saa moja kwenye uso wa saa. Mwenye spana ya kupimia aweke Nm 15 hadi 20. Usipake grisi kwenye nyuzi, inakufanya ukaze kupita kiasi bila kuhisi. Angalia pia kifundo cha juu: kepu nyingi za mashine hizi zinashika nyuzi tupu, kwa hiyo kile kichuma kinachokuja juu ya plagi kinafunguliwa. Ikiwa kepu yako inakihitaji, kikaze kwa koleo. Kikilegea, utatafuta misi mpaka jioni.

Baada ya hayo, mashine ya aina hii inarudi kwenye kilomita zake 41 au 42 kwa lita, na inawaka kiki ya pili.

Hesabu ya bosi

Kwa kilomita 2,860 za mwezi, tofauti ya 31 na 42 kwa lita ni lita 24. Ukichukua lita kwa 3,000, ni shilingi 72,000 zilizokuwa zinapotea kila mwezi kwa sababu ya sponji, choki na kepu. Hakuna plagi duniani ingezirudisha hizo sponji ikiwa bado tope.

Sasa tuipe iridiamu nafasi ya haki, kwenye mashine iliyopona. Nikeli ya 6,000 inayobadilishwa kila kilomita 5,000 inagharimu shilingi 1.2 kwa kilomita. Iridiamu ya 40,000, tuseme ni ile inayofika 10,000, inagharimu 4. Nyongeza ni shilingi 2.8 kwa kila kilomita. Petroli kwa kilomita moja ni shilingi 71 hivi. Ili iridiamu ijilipe kwa mafuta peke yake lazima ipunguze matumizi kwa karibu asilimia 4, itoke 42 ifike karibu 44. Ikiwa ni ile ya kilomita 5,000, lazima ipunguze zaidi ya asilimia 9. Kwenye injini iliyo sawa hutaiona punguzo hiyo.

Na hata anayedai ameiona, muulize alipimaje. Ukijaza lita 3 ukapunguza au ukazidisha kwa desilita moja, tayari kuna kosa la zaidi ya asilimia 3. Kipimo cha maana: jaza mpaka shingoni pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya kati, pampu ileile, zunguka njia ileile kilomita 200 au zaidi, jaza tena mpaka alama ileile, rudia mara tatu kwa kila plagi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukiosha sponji na kuweka iridiamu siku moja, sifa zote zitaenda kwa iridiamu.

Pale tungeinunua

Pikipiki ambayo kitabu chake kimetaja iridiamu, iwekee iridiamu, usishuke. Vivyo hivyo mashine za injeksheni, zisizo na kabureta: hata ukichagua nikeli, iwe yenye R kwenye namba, kwa sababu resista hiyo inazuia kelele za umeme zisiisumbue kompyuta yake. Kwenye Pulsar ya DTS-i kumbuka ni plagi mbili, bei izidishe.

Tungeinunua pia kwa anayekaa Makete au Njombe, ambako baridi ya alfajiri hufanya kuwasha kuwe kugumu, hewa nyepesi ya mlimani hufanya kabureta iwe na petroli nyingi, na kiki ya kwanza ina thamani. Huko lakini anza na jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli), rekebisha mchanganyiko kwanza. Na kwa anayesafiri mbali peke yake, plagi isiyomisi upesi ni raha ya kulipia, si hesabu ya mafuta.

Tusingeinunua kwa injini inayokula oili. Oili itaifunika iridiamu kama inavyofunika nikeli, na hapo nikeli ina nafuu: unaweza kuisafisha kwa brashi ukaendelea na safari. Ncha ya iridiamu ikipigwa brashi ya chuma au msasa inaharibika. Pia gepu lake halitegwi kwa kubandua na bisibisi dhidi ya ncha. Unagusa mkono wa pembeni tu, kwa uangalifu. Kwa CG mbadala wa D8EA ni DR8EIX, na kwa kuwa ina R na kepu yako tayari ina kiloohmu 5, upinzani unajumlishwa. Kwa koili nzima hakuna neno, kwa koili iliyochoka utarudi kwenye misi uliyoikimbia.

Mashine ya kisa hiki iangaliwe tena ikifika kilomita 500. Plagi ing'olewe baada ya mwendo wa kazi, si baada ya kusimama foleni. Ikiwa ya biskuti, irudishwe na ikazwe ile 1/12. Ikiwa bado nyeusi kavu wakati sponji ni safi, fungua kabureta utazame namba ya jeti kubwa, kwa sababu kuna aliyeifungua kabla yako akaweka yake.